Kivuli Chini ya Anga Lililochorwa

Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa hili: nimwambie Mama Mkubwa kabla ya onyesho au baada? Na onyesho lenyewe, lipi?

Najua visa vya namna hii huanza na mbwa wanaobweka au taa inayozimika yenyewe. Changu hakina mbwa. Kilitokea alasiri, hapa Johannesburg, ndani ya jengo lenye mazulia na harufu ya bisi, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na wengi wao walipiga makofi. Niamini. Mimi nimesomea takwimu. Kama ningetaka kutunga uongo, ningetunga ule usioniaibisha mbele ya watu niliosoma nao.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu. Ndiye aliyenilea Tanga tangu mama alipokwenda kufanya kazi Muscat. Nilipohitimu chuo hapa alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaja na kashata, doti mpya ya kanga ya zambarau na manjano, na macho yaliyokuwa yanakwisha. Alikuwa na presha ya macho. Pembeni hakuona tena. Alikuwa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ukikaa kushoto kwake anakuuliza uko wapi.

Kwa hiyo kabla ya mapumziko yetu nilimpeleka kwa daktari, nami nikawa mkalimani. Daktari hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kitamtosha miezi michache tu. Alisema aendelee na dawa ya matone. Alisema mengine nimweleze mwenyewe taratibu, kwa lugha yetu, kwa wakati utakaofaa.

“Anasemaje?” Mama Mkubwa akaniuliza.

“Anasema uendelee na matone, Mama.”

“Na maneno yote yale marefu?”

“Mengine nitakueleza tukitulia.”

Wakati utakaofaa ni upi? Hebu niambie wewe. Tulikuwa tumepanga siku za kustarehe kabla hajarudi. Alikuwa ameshalipia hoteli ndogo iliyo jirani na kasino kubwa upande wa kaskazini wa jiji, kwa sababu binti wa rafiki yake aliwahi kulala pale na akaapa kwamba chai ya asubuhi unakula mpaka unashindwa kuinuka. Kamari haikumhusu. Alitaka kitu kimoja: kuona onyesho la jukwaani, lenye watu hai, si televisheni. “Nichagulie wewe,” alisema. “Wewe ndiye msomi.”

Pale kasino kuna kumbi kadhaa na wiki ile zilikuwa zimejaa. Kulikuwa na wachezaji wa barafuni, wanaoteleza kwa viatu vya visu huku wamevaa manyoya. Kulikuwa na mtu wa mazingaombwe, tena ya hali ya juu, si yale ya kutoa leso mdomoni tuliyokuwa tunaletewa shuleni. Kulikuwa na mchekeshaji. Na katika ukumbi mdogo kabisa kulikuwa na mwanamke mmoja na wapiga ala wachache, wakiimba nyimbo za zamani za jiji hili.

Sasa pima mwenyewe. Nikimwambia kabla, ataangalia kwa machozi na hataona kitu. Nikimwambia baada, ataniuliza kwa nini sikumwambia atazame vizuri. Na kama hili ndilo onyesho la mwisho atakaloliona maishani, unachagua lipi? Manyoya yanang’aa, lakini jukwaa la barafu ni pana na yeye ana bomba. Mazingaombwe yanataka macho mepesi, hata wenye macho mazima wanadanganywa. Mchekeshaji anachanganya Kiingereza na Kizulu, ningeishia kutafsiri vichekesho, na hakuna kitu kinachokufa haraka kama kichekesho kilichotafsiriwa.

Nilikuwa napanga chumba mtaa wa Berea pamoja na Bahati, fundi cherehani kutoka Bukavu. Alinisikia nikijigeuza kitandani mpaka akakaa.

“Weye unawazaka mpaka mutu anachoka,” alisema. “Kata tiketi, mupeleke mama, basi.”

“Tiketi ya nini?”

“Eish! Ya kukaa kwa kiti!”

Siku tuliyofika hotelini, Mama Mkubwa alilala mchana kupumzisha miguu, nami nikaenda peke yangu kwenye madirisha ya tiketi. Nilifikiri nikisimama palepale jibu litakuja.

Lazima nikueleze mahali penyewe. Dari ya jengo lile imechorwa anga. Upande wa maduka ni mchana, samawati yenye mawingu. Ukitembea kuelekea kwenye kumbi, anga linageuka pole pole, unatoka mchana unaingia jioni, ingawa saa yako haijasogea. Na mbele ya kumbi zenyewe ni magharibi ya kudumu: jua la rangi ya chungwa limechorwa linazama, na nyota mbili tatu zimeshawashwa kwa taa ndogo. Taa za kweli zimefichwa kila mahali, ukutani, sakafuni, chini ya ngazi. Kwa hiyo pale hakuna mtu mwenye kivuli. Sikuwa nimeligundua hilo. Nililigundua kwa sababu yake yeye.

Nilikuwa nimepita mbele ya madirisha kwenda na kurudi sijui mara ngapi.

“Utatoboa zulia,” mtu akasema. Kwa Kiswahili.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa koti jekundu la vifungo vya shaba na glavu nyeupe, na mkononi ana tochi ndefu ya zamani. Mmoja wa wale wanaoonyesha watu viti gizani, nikafikiri. Nikamwamkia.

“Umejuaje naongea Kiswahili, dada?”

“Unajiongelesha. Kwa sauti. Umesema barafu, ukasema hapana, ukasema atalia, ukasema barafu tena.”

Niliona haya. Lakini alikuwa anacheka vizuri, kama mtu wa nyumbani, na mimi nilikuwa nimechoka kubeba jambo lile peke yangu. Nikamweleza yote. Kwa nini nilimweleza mgeni kitu ambacho nilishindwa kumweleza mwenyewe? Sijui. Nikamuuliza, kwa kuwa yeye anafanya kazi mle, onyesho gani ndilo zuri.

“Mimi sijaliona hata moja,” alisema. “Kazi yangu ni kuwatazama ninyi. Nasimama mlangoni, jukwaa liko mgongoni mwangu. Naona nyuso tu.”

“Basi nyuso zinasemaje?”

Akafikiri. Alisema wanaotoka kwenye barafu mashavu yamewaiva na wanataka kula. Wanaotoka kwenye mazingaombwe wanatoka wakibishana, hasa wanaume. Wanaotoka kwa mchekeshaji wanarudia maneno yake vibaya. “Na wa ukumbi mdogo wanatoka taratibu. Kama watu waliosahau gari wameliacha wapi.”

Halafu akaniuliza, “Huyo mama yako anaona mpaka wapi?”

“Kama anachungulia kwenye bomba.”

“Mkalishe upande wa mlango. Upande wangu.”

Niliinamisha macho kumshukuru, kama tulivyofundishwa, na hapo ndipo nilipokiona. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya zulia, kirefu na chembamba kama cha mtu anayerudi shamba saa kumi na mbili jioni, kimepita viatu vyangu kikaenda mpaka kwenye ngazi. Jua lililochorwa lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Nikatafuta kivuli changu. Sikuwa nacho. Mtoto akapita na puto, hakuwa nacho. Nikainua uso ili nimuulize, na pale mbele yangu palikuwa na zulia tu.

Ungefanya nini? Mimi nilikwenda dirishani nikanunua viti viwili vya ukumbi mdogo, upande wa mlango. Nilijiambia ni taa. Mtu aliyesoma huwa na neno la kujiambia.

Kesho yake alasiri tulikwenda. Ili ufike kwenye kumbi lazima ukatize kando ya mashine za kamari, na hilo lilikuwa limenisumbua pia, kwa sababu Mama Mkubwa ni mtu wa swala tano. Nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

“Nitafumba macho. Si yenyewe yameshafumba nusu?”

Akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Akanifinya mkono: “Cheka bwana, nimesema kitu.”

Ndani ya ukumbi taa zilikuwa zimeshapunguzwa, na kwake giza kidogo ni giza lote. Alinishika mkono kwa nguvu, anapapasa ngazi kwa ncha ya kiatu. Kisha akaniachia. Akashuka zile ngazi moja baada ya nyingine, mgongo umenyooka, hagusi kiti wala ukuta. Mbele ya miguu yake kulikuwa na duara dogo la mwanga, na mbele ya mwanga, koti jekundu.

Kijana mwenye fulana nyeusi na beji alinifuata mbio kutaka kutuonyesha viti, akaona tumeshafika, akarudi. Hapo nikatazama vizuri. Wahudumu wote wa mle walikuwa na fulana nyeusi. Wote.

“Yule dada ana tochi nzuri,” Mama Mkubwa aliniambia akikaa. “Nimemwona mzima. Kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.”

“Mzima vipi, Mama?”

“Mzima, kama nilivyokuwa naona zamani. Ana vifungo sita. Kimoja kimelegea.”

Nikavuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni, nikajiambia ni baridi ya Julai.

Onyesho likaanza. Mwimbaji alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, anaimba amekaa. Nilimnong’oneza Mama Mkubwa kila kilichokuwa kinatokea, mpaka akaniambia ninyamaze, masikio hayajaharibika. Kutoka jukwaani alikuwa anapata vipande tu: mkono, halafu kiatu, halafu mdomo. Lakini kila mara alikuwa anageuza kichwa kuelekea mlangoni, na kila akigeuza anatabasamu. Pale mlangoni yule mwanamke alikuwa amesimama, jukwaa mgongoni, anatutazama nyuso.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa polepole sana, wa mtu anayengoja treni iliyombeba mume wake kwenda migodini. Mama Mkubwa hajui lugha yake hata neno moja. Ulipofika katikati nikamwona anafungua mkoba na kutoa ile kanga ya pili ya doti, ambayo ilikuwa bado haijavaliwa.

Kama wewe ni mtu wa kwetu umeshaelewa. Kwetu mwimbaji akikugusa hukai kwenye kiti ukapiga makofi mwishoni kama mwanafunzi. Unainuka. Unakwenda mbele ukitingisha mabega, unamtunza kwa noti au kanga mbele ya watu, unarudi polepole ili waliokaa wakuone. Asiyetunzwa huyo hakuimba. Lakini hapa si arusini kwetu Tanga, mtaa wa Ngamiani. Hapa mtu akienda chooni anaomba radhi mstari mzima.

“Mama, hapana. Mama, hapa hawatunzi.”

“Basi wamekosa adabu,” alisema, akainuka.

Nilimshika gauni, likaniponyoka. Kwa muda ule mfupi niliwaza walinzi, nikawaza simu zinazorekodi, nikawaza kibali changu cha kuishi nchi hii, nikawaza kichwa cha habari. Yeye alikuwa ameshainua kanga juu kwa mikono miwili, anakwenda kwa mwendo ule wa arusi, mabega kushoto, mabega kulia, na watu wameanza kucheka kidogo, kicheko cha huruma.

Hakwenda jukwaani. Aligeuka kuelekea mlangoni.

Kicheko kikaongezeka, wakadhani bibi kapotea njia. Akasimama mbele ya koti jekundu. Yule mwanamke alikuwa anamtazama kwa uso wa mtu ambaye hajaitwa jina lake siku nyingi. Mama Mkubwa akamvika kanga mabegani, akaivuta vizuri mbele kama unavyomfunika mtoto aliyetoka kuoga, akampiga kofi dogo begani, akarudi kwa mwendo uleule.

Mimi niliona mwanamke aliyevaa kanga. Ukumbi mzima uliona kanga iliyosimama peke yake.

Kicheko kikakatika. Vyombo vikaacha kimoja kimoja, likabaki gitaa la besi peke yake. Halafu ile kanga ikageuka. Polepole, kama mtu asiye na uhakika kama anaruhusiwa. Ikageuka mpaka ikaelekea jukwaani, na ikatulia. Alikuwa anatazama. Kwa mara ya kwanza alikuwa amewapa mgongo watu, anatazama onyesho.

Yule mwimbaji, Mungu ambariki, aliiona. Akaigeukia kanga, akaanza tena ubeti, akauimba mpaka mwisho kwa ajili ya ile kona tu. Aliposhusha sauti ya mwisho taa zikawaka, na watu wakasimama wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Si tuko kwenye kasino? Mle kila kitu kina waya.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kanga haikuwepo pia, na niliitafuta mpaka chini ya viti.

Mlinzi wa nje alikuwa Mkongo wa Lubumbashi. Alitusikia tukiongea, akamsalimia Mama Mkubwa kwa mikono miwili.

“Mama, ni weye ulimuvika ule wa tochi?” akauliza kwa sauti ya chini. “Siye balinzi ba mulango tunamusalimiaka tu, tunapita. Hakuna mutu alishaka kumupa kitu.”

“Amefanya kazi,” Mama Mkubwa alimjibu. “Hamuoni haya?”

Sasa nikuambie yaliyobaki mpaka leo, kwa sababu utauliza. Bahati hakuniamini, akasema mimi nilikosa usingizi na mama ana macho mabovu. Nikamchukua Jumapili moja nikampeleka mle. Tulipofika mbele ya kumbi, chini ya lile jua lililochorwa, akatazama chini, akatazama miguu yake, akatazama yangu. Tangu siku ile mimi nina kivuli pale. Kirefu, chembamba, kimelala juu ya zulia kuelekea mlangoni. Bahati alisema “sharp, sharp, nimeona,” na alikuwa ameshafika kwenye maduka, upande wa mchana. Hajarudi nami tena.

Mama Mkubwa macho yamekwisha sasa. Yuko Tanga. Lakini nikimpigia simu ananiambia bado anaona kitu kimoja: akiamka alfajiri kwenda kutawadha kuna duara dogo la mwanga sakafuni, mbele ya miguu yake, linatangulia mpaka kwenye pipa la maji. Hajajikwaa hata mara moja. Shangazi zangu wanasema ni mazoea. Mimi sibishani nao.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma. Ukienda kutembea kwenye majumba yale, ukiwa huna uhakika uingie wapi, na mtu mwenye koti jekundu akakusemesha kwa lugha ya kwenu, tazama chini kabla hujamjibu. Ukikiona kivuli usikimbie, lakini usikubali akuonyeshe njia ukapita kimya kama vile tochi inajishika yenyewe. Mpe kitu. Na kama umempeleka mtu ambaye una neno lake moyoni, usilingoje hadi taa ziwake.

Maana kuna jambo nimelirudisha nyuma makusudi. Tulipotoka ukumbini tulikaa kwenye benchi chini ya magharibi yale ya rangi. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, kama aliyetoka arusini. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri za kungoja. Nilizipanga zote kichwani, na ghafla nikaona nimechoka nazo.

“Mama,” nikasema, “daktari alisema hayatarudi. Na yaliyobaki ni ya miezi michache.”

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga iliyobaki, akaivaa. Machozi yalimtoka mawili matatu, akayaacha yashuke yenyewe. Mimi nikashika mkono wake, maana sikuwa na tafsiri nyingine ya kumpa.

“Kwa hiyo jana yote ile ulikuwa unalijua,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Na ukanichagulia moja.”

“Nilitaka liwe lile lililo bora.”

“Moja!” Akanigeukia mpaka akanipata kwenye bomba lake. “Mtu anakwenda kufumba macho, wewe umekaa unamtafutia moja? Ndiyo takwimu ulizosoma hizo? Lile la barafu linaanza saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili na nusu.”

“Na la mazingaombwe?”

“Kesho mchana.”

“Na ndege yangu?”

“Kesho usiku.”

“Sasa tunangoja nini hapa?”

Niliinuka. Sikupita mbele ya madirisha kwenda na kurudi. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule binti wa tiketi, nikamwambia viwili vya barafu leo, na viwili vya mazingaombwe kesho. Akaniuliza tungependa kukaa wapi.

“Upande wa mlango,” nikasema.